Kituo kibaki, ila jiji lituambie mwenye kuulizwa ni nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba sana usinikatekate, manake hili jambo likishafupishwa tu linageuka kuwa lile lile tunalolisoma kila siku, eti wakazi wanalalamika, wakazi hawataki masikini karibu na nyumba zao, wakazi wana roho mbaya. Mimi ni mmoja wa hao wakazi. Kituo cha kuwahifadhi watu wasio na makao, au shelta kama wengi tunavyoiita, kiko nyuma ya kwangu ukuta kwa ukuta, nasikia mpaka ndoo zinavyogongana alfajiri, na nasema mapema kabisa tusije tukapotezeana muda: sitaki kifungwe.

Ninachotaka ni kujua mwenyewe ni nani. Siyo mwenye kiwanja, hilo tunajua ni jiji. Naulizia mwenye kuulizwa. Kwa sababu ukipiga simu jiji kwamba bomba la maji machafu limepasuka na linamwaga kwenye njia wanayopita watoto wa shule, wanakwambia kituo kinaendeshwa na taasisi iliyoshinda tenda, waulize wao. Ukienda kwenye taasisi wanakwambia wao ni wa ndani, ya nje ya geti ni ya jiji, na walinzi nao ni wa kampuni nyingine kabisa yenye mkataba wake na jiji. Mlinzi ukimuuliza anakuangalia tu, na mimi simlaumu, yeye kaambiwa afungue na afunge. Diwani anasema hayo ni ya watendaji. Mtendaji yuko kikaoni. Yaani wamejipanga hapo watu kibao wanaolipwa kwa ajili ya ile nyumba na hakuna hata mmoja ambaye ukimkuta unaweza kumwambia wewe ndiye. Lile bomba tulikuja kulitengeneza wenyewe kwa mchango, sisi majirani na wanaume wawili wanaolala mle ndani, mmoja wao kumbe ni fundi bomba wa siku nyingi, akatufanyia kazi na hakudai hata senti.

Sasa niseme linalowaudhi wengi mtaani, nisije nikaambiwa nalificha. Ni kweli kuna watu wanashinda wamekaa kwenye kuta zetu, kwenye vibaraza, kituo cha basi, ngazi za nyumba ya ibada, kutwa nzima, na wengine usingizi unawapitia pale pale. Kuna taka. Kuna harufu ya mkojo kwenye uchochoro. Usiku kuna kelele. Vyote hivyo vipo na asiyekaa hapa asituambie tunazua. Lakini hebu njoo usimame pale getini asubuhi uone vinakoanzia. Saa mbili kamili mlinzi anafungua geti na wote wanatolewa, mzima na mgonjwa, mwenye kibarua na asiye nacho, mama na mtoto wake mgongoni, halafu geti linafungwa na halifunguliwi tena mpaka jioni. Ndiyo kanuni ya kituo. Kuna mzee mmoja ana mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, humo mna vyeti vyake vyote na kitambulisho na karatasi za hospitali, na ule mfuko anaukalia. Nilimuuliza mbona asiviache ndani, akasema ndani hakuna pa kufungia kitu, na vikiibiwa nani atamwamini kwamba yeye ni yeye. Miguu yake imevimba. Anashinda juu ya ukuta wangu toka saa mbili mpaka jioni kwa sababu jiji lililompa kitanda usiku linamnyang'anya mchana. Halafu kwenye grupu la mtaa la WhatsApp mtu anampiga picha kwa mbali anaandika wazururaji wamezidi. Azurure vipi na miguu ile?

Au choo. Mama mmoja alinigongea akaomba choo, nikampa, kesho yake akaja na wenzake, nikawapa nao, jirani yangu akanijia juu kwamba nawazoesha. Nawazoesha nini, kukojoa? Vyoo viko mle ndani ya geti, vimejengwa kwa pesa za walipa kodi, vinashinda vimefungwa na kufuli, halafu sisi tunagombana wenyewe kwa wenyewe huku nje.

Na hili la kuwatoa watu mchana siyo suala la huruma tu, lilishafika mahakamani na likaamuliwa. Johannesburg, Afrika Kusini, kuna watu walihamishwa kwenye jengo, jiji likawapeleka kwenye shelta inayoendeshwa na taasisi kwa niaba yake. Kanuni zake ukizisikia utadhani ni za huku kwetu: saa mbili asubuhi nje, hakuna kurudi mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, saa mbili usiku geti limefungwa, na mume na mke hawalali chumba kimoja hata kama wana watoto. Wakafungua kesi, ndiyo hiyo inaitwa kesi ya Dladla. Jiji lilizitetea hizo kanuni ngazi zote mpaka juu. Desemba 2017 Mahakama ya Katiba ikasema kanuni hizo zinavunja haki ya utu wa mtu, uhuru na usalama wake na faragha yake. Na angalieni nani alishtakiwa. Jiji lenyewe. Kwamba kazi inafanywa na mtu mwingine kwa niaba yake hakukulitoa jiji kwenye lawama, na hapo ndipo ninapotaka wakubwa wetu wasome mara mbili.

Mimi siyo mwanasheria na najua hukumu ya Afrika Kusini haiwafungi wa nchi nyingine. Naleta mfano ili majirani zangu waone kitu kimoja ambacho kwenye grupu hakisemwi: kinachotuudhi sisi na kinachowaumiza wale ni kitu hicho hicho kimoja. Ile kanuni ya saa mbili. Iondoe leo, acha watu wakae ndani mchana, wawe na pa kukaa na choo na pa kuweka mifuko yao, uone nusu ya malalamiko ya mtaa yataenda wapi. Hatuhitaji polisi kwa hilo wala ukuta mrefu zaidi.

Usiku ni hivyo hivyo. Zile kelele mnazosikia saa nne saa tano siyo za waliomo ndani, waliomo ndani wamelala. Ni za waliochelewa. Mtu kapata kibarua cha kupakua mizigo, kinaisha saa tatu, anafika anakuta geti limefungwa, anagonga, mlinzi anamwambia muda umepita, anagonga tena, wanaanza kutukanana, mbwa wote wa mtaa wanaamka. Mwisho wake analala kwenye ngazi ya mtu. Yaani aliyepata kazi ndiye anayelala nje! Na wengine wanaambiwa kumejaa. Wangapi wanaambiwa kumejaa kwa usiku mmoja? Hakuna anayeandika. Nilimuuliza mlinzi kama kuna daftari la waliorudishwa, akacheka.

Hapo ndipo ninaposema jiji halitaki kuulizwa, kwa sababu kitu kisichoandikwa hakiulizwi. New York wana mambo yao mengi na sisemi tuwaige, ila kuna moja wamelifanya. Mwaka 1979 mwanasheria mmoja kijana, Robert Hayes, alilishtaki jiji na jimbo kwa niaba ya wanaume waliokuwa wanalala barabarani, akitumia kipengele cha katiba ya jimbo kinachosema wahitaji watasaidiwa. Mshtaki wa kwanza kwenye ile kesi aliitwa Robert Callahan. Agosti 1981 jiji likakubali kusaini makubaliano mbele ya mahakama, na Callahan hakuyaona, alikuwa ameshafia huko huko mtaani. Ila yale makubaliano hayakuishia kwenye maneno matamu ya tutajitahidi. Yaliandika kitanda kiwe na upana usiopungua inchi 30, godoro safi, kila mtu awe na kabati la kufunga, choo kimoja kwa watu sita, bafu moja kwa watu kumi. Choo kimoja kwa watu sita! Hicho ni kitu ambacho hata jirani asiyejua sheria anaweza kuingia na kuhesabu. Sisi hapa tuhesabu nini, wakati hata idadi ya vitanda tunaambiwa na mlinzi, na kila mlinzi ana idadi yake.

Mkataba kati ya jiji na ile taasisi hatujawahi kuuona. Tuliuomba kwa maandishi, jibu lililokuja kwa mdomo ni kwamba ni siri ya kibiashara. Biashara gani jamani. Pesa ni ya umma, jengo ni la umma, watu wanaohudumiwa ni umma, siri inatoka wapi hapo? Humo ndimo mtakuwa mmeandikwa wahudumu wangapi wawepo usiku, taka zizolewe mara ngapi, mgonjwa akizidiwa nani anaita gari la wagonjwa. Kama yameandikwa na hayafanyiki, taasisi inakula pesa ya bure. Kama hayakuandikwa, aliyesaini kwa upande wa jiji ndiye wa kuulizwa. Kwa vyovyote iwavyo kuna mtu, na ndiyo maana karatasi haitoki.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi kuliko mikojo na kelele zote. Dirisha langu la nyuma linatazama mlango wa nyuma wa kituo, ule wa dharura, umeandikwa kabisa kwa rangi nyekundu. Una mnyororo na kufuli. Upo usiku, upo mchana. Niliuliza, nikaambiwa watu walikuwa wanautumia kuingia baada ya saa. Sawa, nimeelewa. Sasa moto ukiwaka saa nane ya usiku watatokea wapi, na geti la mbele nalo limefungwa na funguo anazo mtu mmoja?

Msiniambie nakuza mambo. Turudi Johannesburg. Alfajiri ya tarehe 31 Agosti 2023 liliwaka moto jengo la ghorofa tano la Usindiso, wakafa watu 76, na watoto wakiwemo. Lile jengo enzi za ubaguzi ndiko watu weusi walikuwa wanapanga foleni kushughulikiwa vibali vya kukaa na kufanya kazi mjini. Baadaye likawa makazi ya wanawake waliokimbia vipigo nyumbani. Mwenye jengo muda wote ni jiji. Taasisi ikaondoka, jiji likaliacha, watu wasio na pa kwenda wakaingia wakagawana vyumba kwa mbao na mapazia, miaka ikapita na kila idara inajua na hakuna idara inayosema ni langu. Siku ya moto watu wakakuta mageti yamefungwa, wengine wakaruka madirishani. Tume iliyoongozwa na Jaji mstaafu Sisi Khampepe ilipotoa ripoti yake 2024 ilisema wazi kwamba jiji, kama mwenye jengo, linabeba lawama kwa kuliacha likawa vile. Lilianza kama shelta halali kabisa ile, na majirani wake bila shaka walilalamikia taka kama sisi. Kufuli hili la kwetu nimeliandikia barua, nikapiga na picha.

Sasa nigeukie upande wetu, kwa sababu nisiposema nitakuwa mnafiki. Kuna majirani zangu, watu wazuri tu ninaowaheshimu, wanataka kituo kiondoke kabisa na sababu zao mbili kubwa ni thamani ya nyumba na uhalifu. La thamani ya nyumba, Chuo Kikuu cha New York kupitia kituo chao cha Furman walichunguza 2008 majengo 123 ya watu waliotoka mitaani pamoja na bei za nyumba zilizoyazunguka, na nyumba zilizo karibu zaidi, ndani ya futi 500, bei zake hazikuporomoka baada ya majengo kufunguliwa, zilipanda kadiri miaka ilivyokwenda. Niwe mkweli, yale yalikuwa makazi ya kudumu yenye wahudumu na usimamizi, siyo shelta ya kulala na kutolewa saa mbili. Lakini si ndiyo hoja yenyewe hiyo? Tofauti ni usimamizi. Kinachoshusha mtaa ni lile bomba lililomwaga wiki kadhaa na jiji likakaa kimya.

Na uhalifu. Simu ikikwapuliwa kituo cha basi, kabla mwenye simu hajafika nyumbani grupu limeshaamua ni watu wa shelta. Wapo wezi mle? Inawezekana, wapo kila mahali, hata kwenye kamati za mitaa tumeshawaona. Ila hao waliomo ndani ndio wanaoibiwa kuliko sisi, viatu, simu, vyeti, na wakienda kuripoti hawasikilizwi. Wanaosema polisi waje wawafagie, nawauliza wawapeleke wapi. Marekani kuna mji mdogo wa Grants Pass jimbo la Oregon, waliamua anayelala nje kwenye maeneo ya umma apigwe faini, ikianzia dola 295. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 28 Juni 2024 majaji sita kwa watatu wakasema mji unaruhusiwa kufanya hivyo. Haya, umeruhusiwa. Mtu asiye na pa kulala sasa ana deni la dola 295 na bado hana pa kulala, na kesho asubuhi yuko pale pale isipokuwa sasa anawakimbia hata wahudumu wanaotaka kumsaidia.

Jiji nalo litajibu, nalijua, kwamba wakazi walishirikishwa. Naomba nieleze tulivyoshirikishwa. Kilifanyika kikao, tulitangaziwa jana yake kwa kipaza sauti, akaja ofisa na wasaidizi wake, ikazungushwa karatasi ya mahudhurio tukasaini majina na namba za simu kama kawaida ya vikao. Akasoma maelezo kwenye karatasi, akasema ana kikao kingine, maswali tuandike tumpe. Tukaandika tukampa. Miezi ikapita, tunakuja kuonyeshwa kwenye taarifa ya halmashauri ile karatasi ya mahudhurio imeambatanishwa kama ushahidi kwamba wakazi wameridhia. Saini zetu za kuhudhuria zimegeuka saini za kukubali. Na wale watakaolala kwenye kituo ndio kabisa, hakuna aliyewauliza chochote, wakati wao wangeweza kuwaambia toka siku ya kwanza kwamba kanuni ya saa mbili haitekelezeki na kwamba mtu mwenye kibarua cha usiku anahitaji kuingia saa nne.

Halafu mbona ni huku huku kila mara? Dampo dogo liko huku, machinjio ya zamani huku, na sasa kituo, tena nasikia kuna mpango wa cha pili. Kule kwenye mitaa ya miti mirefu hakuna kiwanja? New York katiba yao ya jiji ilivyorekebishwa 1989 iliweka sharti la kugawana mzigo, kwamba huduma za namna hii zisirundikwe eneo moja, na idara inayotaka kuweka kituo iandike kwa nini imechagua pale. Haijamaliza tatizo, wenyewe kule wanalalamika mpaka leo kwamba maeneo ya masikini ndiyo yanabebeshwa. Lakini angalau kuna karatasi yenye sababu ambayo mtu anaweza kuishika akabishana nayo. Sisi hatujui tulichaguliwaje. Nadhani najua, ni kwa sababu huku hatuna mawakili, ila ningependa kuisoma kwa mwandiko wao.

Nikisema haya wanasema unataka mambo ya Ulaya na pesa hakuna. Haya tuzungumze Ulaya kidogo. Finland 2008 waliamua kwamba shelta za kulala usiku siyo jibu, mtu apewe kwanza chumba chake chenye mlango na mkataba wa kupanga, hayo mengine ya pombe na ajira na matibabu yafuate akiwa na ufunguo mkononi. Helsinki ilikuwa na vitanda 2,121 vya shelta na hosteli mwaka 1985, kufika 2016 vikabaki 52, na majengo mengine yakageuzwa kuwa vyumba vya kupanga. Nchi nzima watu wasio na makao walikuwa zaidi ya 18,000 miaka ya 1980, mwaka 2023 wakawa kama 3,400, halafu 2024 wakapanda tena wakapita 3,800, kwa hiyo siyo kwamba wamemaliza na wakilegea tu inarudi. Ila nililolipenda mimi siyo hata hizo hesabu. Ni kwamba kwenye yale majengo yao waliweka kazi rasmi ya ujirani. Wahudumu na wapangaji wenyewe wanatoka kuzungukia mtaa, wanaokota taka na sindano, wanaongea na wenye nyumba, na jirani akiwa na lalamiko anajua amwone nani kwa jina. Hiyo inataka pesa kiasi gani? Fimbo ya kuokotea taka na mtu mwenye jina.

Kujenga vyumba ni gharama, nakubali, na siyo kazi ya mwaka mmoja. Mimi siombi vyumba leo, ingawa ndiko tunakotakiwa kwenda na ningependa bajeti ijayo ionyeshe hata hatua ya kwanza. Naomba vitu ambavyo haviwezi kuambiwa fungu halipo. Ofisa mmoja wa jiji atajwe kwa jina na cheo kwamba kituo hiki ni chake, na namba yake ibandikwe getini, inayopokelewa usiku pia, siyo ile iliyopo sasa iliyofutika tarakimu za mwisho kwa mvua. Mkataba utoke. Kila mwezi ibandikwe idadi ya vitanda, waliolala, na waliorudishwa getini, hilo la mwisho hasa. Watu wakae ndani mchana na vyoo vifunguliwe, na mwenye kazi ya usiku apewe kibali cha kuchelewa. Na iundwe kamati ambayo sisi tumo, taasisi imo, jiji limo, na wanaolala mle wamo kwa kuchaguana wenyewe, siyo mmoja aliyechaguliwa na meneja kwa upole wake.

Nimeshaongea na baadhi yao kuhusu hilo la kamati. Yule fundi bomba alisema yuko tayari. Mama mmoja akauliza kama akisema ukweli kwenye kikao hatanyimwa kitanda usiku ule ule, na sikuwa na jibu la kumpa, hilo nalo naomba jiji lilijibu kwa maandishi.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tunakutana nje ya geti, wakazi na waliotolewa ndani, kwa sababu saa hizo wote tutakuwa tuko nje. Viti tutabeba wenyewe. Meya, diwani, mtendaji, taasisi, kampuni ya ulinzi, nyote mmeandikiwa na mnakaribishwa, anayesema kituo ni chake na anayesema siyo chake. Mnaokuja mje na nakala ya mkataba, na mmoja wenu abebe ufunguo wa lile kufuli la mlango wa nyuma.

Mkazi, nyuma ya kituo
(jina na anwani yangu mnavyo)